Mwongozo: Kukata matumbawe ya tangi nyumbani kwa mashine bila kuyaua, na bila kujimaliza

Ni saa nane usiku, bando inakaribia kuisha, na simu inakuletea video ya msee fulani Marekani akiwa kwa gereji yake. Amevaa miwani ya kazi na glavu za bluu. Mbele yake kuna mashine ndogo ya kukata, na mkononi ameshika kitu kinakaa jiwe lakini kina ngozi ya kijani inayong'aa kama taa za mathree. Anawasha mashine, maji yanaruka, na kile kitu kinagawanywa vipande kumi na mbili kama chapo. Halafu anataja bei: dola 40 kila kipande.

Kama ulibaki ukijiuliza hiyo ni form gani, cheki hapa. Lile "jiwe" ni mnyama. Ni tumbawe, ndugu wa yale unayoona ukipanda boti ya kioo pale Watamu ama Kisite. Kulikata ili kila kipande kikue kiwe tumbawe jipya ni hobi na pia biashara huko Marekani na Ulaya. Wenyewe wanaita kufragi, na kipande ni fragi. Nitatumia hayo maneno, juu ukiingia kwa hii dunia ndiyo utayasikia.

Wengi hudhani kazi ngumu ni mashine. Zii. Mashine utaizoea jioni moja. Kinachoua matumbawe, na kinachopeleka watu hospitali, ni kuwasha mashine kabla hujajua umeshika mnyama gani. Kwa hivyo huu mwongozo utachelewa kufika kwa mashine. Vumilia.

Kwani halifi likikatwa?

Fikiria ploti ya bedsitter. Kila chumba kina mpangaji mmoja, kila mpangaji ana mdomo wake, na kuta zote zimeshikana. Tumbawe limejengwa hivyo. Mpangaji anaitwa polipu, mnyama mdogo mwenye mdomo mmoja katikati na mikono midogo ya kunasa chakula. Kuta ni chokaa ngumu ambayo polipu wenyewe wameitengeneza kutoka kwa maji ya bahari. Ngozi nyembamba inapita juu ya kuta na kuunganisha wapangaji wote, kwa hivyo mmoja akila, jirani naye anaonja.

Ajabu ni kwamba wapangaji wote ni nakala ya mmoja, aliyejigawa mara nyingi. Ukikata ploti katikati, hujaua mtu. Umepata ploti mbili zenye wapangaji wale wale, na kila moja itaendelea kujenga vyumba. Bahari yenyewe hufanya hii kazi: dhoruba inavunja tawi, tawi linaanguka mahali pazuri, linashika na kuendelea na maisha.

Ndani ya ngozi ya polipu kunaishi mwani wadogo sana wanaotengeneza sukari kwa mwanga, na wanampa mwenye nyumba sehemu kubwa ya chakula. Ndio maana wenye matangi hutumia pesa nyingi kwa taa. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani hufukuzwa na tumbawe linabaki jeupe. Hiyo ndiyo ilikumba Pwani yetu vibaya mwaka 1998, wakati wa El Niño.

Na ile chokaa si mchezo. Fort Jesus imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na nyumba za kale za Lamu pia. Zimesimama karne kadhaa. Kisu cha jikoni hakitakusaidia hapo, na ndiyo sababu almasi ikaingia kwa hii story.

Nani anahitaji hii kitu?

Mwenye tangi kwanza anakata juu nafasi imeisha. Matumbawe yakikua yanagusana, na yakigusana yanachomana mpaka mmoja anakufa. Pili anakata ili kubadilishana na wenzake. Ukimpa rafiki kipande cha tumbawe lako, na siku moja stima ipotee masaa kumi na tangi lako lote life, unaenda kwake anakukatia kipande cha mnyama wako yule yule. Hiyo ni bima bila makaratasi.

Halafu kuna ganji. Mwaka 2018, Indonesia, ambayo ndiyo muuzaji mkubwa kabisa wa matumbawe hai duniani, ilifunga uuzaji nje kwa muda. Maduka ya Marekani na Ulaya yakageukia watu wanaofragi nyumbani. Na kila kipande kilichokuzwa kwa tangi ni kipande kimoja ambacho hakijang'olewa baharini.

Story kubwa zaidi ilitoka Florida, kwa maabara ya Mote, na ilianza kwa makosa. Mwanasayansi David Vaughan alikuwa akihamisha tumbawe la matawi makubwa, lile la pembe za paa la Karibea, ambalo lilikuwa limeshika kwa sakafu ya tangi. Lilivunjika, likaacha nyuma polipu wachache tu. Alijua hao wamekwisha. Aliporudi kuwacheki wiki kadhaa baadaye, walikuwa wameongezeka kwa kasi ambayo hakuwahi kuona. Kumbe kidonda kinafanya tumbawe likimbie kukua ili kujifunika.

Kutoka hapo wakaanza kukata kwa makusudi, kwa msumeno wa almasi, vipande vidogo kama kucha ya kidole gumba. Wakipanda vipande vya mnyama mmoja karibu karibu, vinakua, vinagusana, na badala ya kupigana vinatambuana na kuungana tena kuwa kitu kimoja. Tumbawe la mviringo ambalo lingechukua miongo kufika ukubwa wa kuzaa linafika kwa miaka michache. Mwaka 2020, matumbawe yaliyopandwa hivyo yalionekana yakitaga mayai kwenye miamba ya Florida. Mashine ni ile ile ya msee wa gereji.

Kabla ya kuwasha: umeshika nani?

Hapa tulia kabisa. Matumbawe ya matangi yanagawanyika hivi, na kila kundi lina kifaa chake.

Kuna laini, yasiyo na mfupa wa chokaa: yale ya kukaa uyoga, yale ya ngozi ngozi. Haya unakata kwa wembe wa hospitali ama makasi makali. Ukiyapeleka kwa mashine utapata ugali wa makamasi na hakuna kitu cha kupanda.

Kuna yenye matawi membamba na polipu wadogo, kama Acropora na Montipora. Koleo la kukatia mifupa linatosha. Kata, kwisha. Mashine inasaidia tu kwa shina nene.

Kuna yenye polipu wakubwa na mfupa mnene, na hapa ndipo mashine inakula mshahara wake. Euphyllia, yale mashuhuri yenye mikono mirefu inayocheza kwa maji, kila kichwa kikiwa kwa shina lake. Favia, Favites na Goniastrea, yanayokaa ubongo ama sega la nyuki. Echinophyllia, bapa kama sahani. Ukiyavunja kwa nyundo ama koleo, ufa unakimbia mahali unataka wenyewe na unapasua wapangaji katikati. Msumeno unakata pale ulipochora.

Kuna mengine ambayo usiguse kama ndio unaanza. Scolymia na Cynarina ni polipu mmoja mkubwa mwenye mdomo mmoja, hakuna cha kugawanya hapo. Trachyphyllia nayo ni hivyo hivyo mara nyingi. Goniopora inapendeza kwa macho lakini ni ya kununa. Na Euphyllia ya ukuta, ile ambayo vichwa vyote vimeungana kwa mstari mmoja bila mashina, ukiikata lazima upasue nyama hai. Wazoefu huifanya na bado hupoteza vipande.

Halafu kuna kundi la mwisho. Soma hii sehemu mara mbili.

Zoa: huyu usimpeleke kwa mashine, kamwe

Zoanthidi, ambao wenye matangi huita zoa, na ndugu yao Palythoa, ni vidude vinavyokaa maua madogo ya rangi kali, vimejipanga juu ya jiwe kama zulia. Ni rahisi kukuza na ni vigumu kuua, na ndiyo vitu vya kwanza watu wengi hununua. Baadhi yao wamebeba palitoksini, moja ya sumu kali zaidi zinazojulikana kwa viumbe hai.

Wahawaii walijua hii kitu zamani. Kisiwani Maui, karibu na Hana, kulikuwa na dimbwi lenye kiumbe walichokiita mwani wa mauti, na masimulizi yao yanasema wapiganaji walipaka mikuki. Mwaka 1971 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliitenga hiyo sumu na kuipa jina. Kiumbe chenyewe hakikuwa mwani, kilikuwa Palythoa.

Ukimkata zoa kwa wembe ndani ya maji, ukiwa umevaa glavu na miwani, sumu inabaki kwa maji. Ukimpeleka kwa msumeno unaozunguka, unamgeuza ukungu mwembamba unaoelea hewani. Huo ukungu unaingia kwa macho na mapafu, yako na ya kila mtu aliye kwa hiyo nyumba.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Machi 2018, kijiji cha Steventon, Oxfordshire, Uingereza, familia iliishia hospitalini baada ya baba kutoa matumbawe kwa tangi ili asafishe. Hakuna mtu aliyekula kitu, ni hewa tu. Na mwaka 2015 taasisi ya afya ya Marekani, CDC, ilichapisha ripoti ya visa vya Alaska kati ya 2012 na 2014, kwa maduka ya samaki na kwa nyumba za watu. Walioumwa hawakuwa tu wale walioshika zoa kwa mikono. Wengine walikuwa wamekaa tu ndani ya nyumba.

Dalili zinakuja kama homa kali ya ghafla: ladha chungu ama ya chuma mdomoni, kikohozi, kubanwa kifua, baridi ya kutetemeka, misuli kuuma. Kwa macho ni maumivu makali na inaweza kuharibu kioo cha jicho. Hakuna dawa maalum ya kuiondoa mwilini, daktari atakusaidia kupumua na kutuliza moyo hadi ipungue. Kwa hivyo ukihisi hivyo, watoe wote nje kwa hewa safi, osha macho kwa maji yanayotiririka dakika 15, na uende hospitali. Ukifika, litaje jina palitoksini, tena waandikie kwa karatasi. Daktari wa zamu ya usiku akiona kikohozi na homa hatafikiria tangi la samaki.

Watu wengi pia hupatikana siku ya usafi. Jiwe lina zoa wasiotakiwa, mtu anaamua kulichemsha kwa sufuria ama kulimwagia maji moto. Joto la kuchemsha haliiui hiyo sumu, mvuke unaisambaza tu. Usichemshe, usisugue kwa brashi jiwe likiwa kavu, usipige na mashine ya kuoshea magari. Vifaa vilivyogusa zoa viloweke kwa maji yenye Jik, ukiwa mahali penye hewa. Na Jik usichanganye na siki ama sabuni nyingine, hiyo ni sumu nyingine tena.

Ndio maana kabla hujakata jiwe lolote kwa mashine, ligeuze pande zote chini ya taa. Zoa wawili watatu wanaweza kuwa wamejificha upande wa nyuma. Ukiwaona, mashine haiwashwi.

Sasa mashine

Nilipoachana na campo nilishinda mjengo nikimsaidia fundi wa tailzi, kwa hivyo hapa naongea kitu nimeshika. Ukikata tailzi kavu unatoka mweupe kama mandazi ya unga. Ukikata na maji, vumbi linageuka tope na linabaki chini. Tumbawe ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba tumbawe lina ngozi hai, na blade kavu inaipika kabla hujamaliza kukata.

Mashine inayopendwa zaidi ni msumeno wa mkanda. Umeuona kwa bucha, ile inakata mifupa ya mbuzi ikilia. Ya matumbawe ni ndogo, inakaa juu ya meza, na mkanda wake hauna meno. Umepakwa vumbi la almasi na unapita kwa bakuli la maji ukizunguka. Gryphon ndilo jina utakalolisikia sana. Bei ni mia kadhaa za dola. Uzuri wake ni mkanda mwembamba: sehemu inayopotea ni ndogo, na mkato unanyooka. Kidole kikigusa hakitoki kama kwa msumeno wa mbao, lakini utachubuka vibaya, na kidonda chenye ute wa tumbawe kinachukua muda kupona.

Ya pili ni kile kidrili cha mkono kinachobadilishwa vichwa, Dremel ndiyo maarufu, ukifunga kisahani cha almasi. Ni ya bei nafuu na inafika pembe ambazo msumeno haufiki. Shida yake ni kasi. Zingine zinafika mizunguko 35,000 kwa dakika, na kwa hiyo kasi maji yote yanakurukia usoni. Weka kasi ya chini. Ukipata ile yenye mpira mrefu unaopinda kati ya mota na kichwa, chukua hiyo, juu mota inakaa mbali na maji. Ama tumia ya betri.

Msumeno wa tailzi wa maji unafanya kazi kwa mashina manene na kupunguza mawe, lakini blade ni nene, inakula vyumba vya wapangaji.

Grainda, hapana. Najua iko pale kwa jamaa wa kuchomelea na atakukodisha kwa mia mbili. Ina kasi sana, ina joto, inataka mikono miwili na tumbawe litakuwa limeshikwa na nani? Tena haikutengenezwa kunyeshewa.

Stima na maji ya chumvi

Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji ya mfereji, na wewe utakuwa umelowa hadi viwiko. Huko Marekani soketi za nyumbani ni volti 120. Sisi hapa ni 240.

Kule mjengo nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa fundi mwingine wakati ekstensheni yake ilikuwa imelala kwa tope la tailzi. Aliguza mashine, akarushwa nyuma, akakaa chini akiangalia mkono wake bila kusema kitu. Aliishi. Hiyo siku hakuna mtu alifanya kazi tena.

Ile fyuzi ya 13A ndani ya plagi haiko hapo kwa ajili yako, iko hapo kulinda waya usiungue. Kinachookoa mtu ni swichi inayohisi umeme unaovuja na kukata yenyewe. Za huku hukata uvujaji ukifika miliampea 30, za Marekani hukata kwa karibu 5. Kama nyumba yako haina, kuna za kuchomeka kwa soketi ukutani. Acha waya wa mashine ulegee na ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya hadi ndani. Ekstensheni ikae juu ya meza nyingine. Na ukitaka kubadilisha mkanda ama kutoa kipande kilichokwama, chomoa kwanza. Si kuzima, kuchomoa.

Siku ya kukata

Tumbawe lililofika jana halikatwi. Liache kwa tangi wiki kadhaa, lile, lifunguke, lionyeshe limezoea. Maji yawe yametulia: joto nyuzi 25 hadi 26, chumvi gramu 35 kwa lita, alkalini 8 hadi 9, kalsiamu 400 hadi 450, magnesiamu 1250 hadi 1350. Hizo namba zikiyumba, mfupa haukui na kidonda hakifungi.

Fanyia kazi nje ama kwa gereji iliyo wazi, si jikoni. Vaa miwani inayofunika pembeni, glavu na barakoa. Watoto, paka na mbwa wasiwe hapo.

Bakuli la mashine jaza maji ya tangi, ama maji mapya ya chumvi iliyo sawa. Maji ya mfereji yatazuia joto, ndio, lakini yatapasua seli za kidonda kilicho wazi, na yana klorini. Chumvi itakula mashine, kwa hivyo ukimaliza ioshe kwa maji safi na uikaushe. Ukihama kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine, mwaga hayo maji. Ute wa mmoja ni sumu kwa jirani, na ugonjwa hupita hivyo hivyo.

Euphyllia kwanza lisumbue. Lipapase taratibu mpaka mikono yote irudi ndani, kisha litoe ukiinamisha kichwa chini maji yamwagike. Kata shina sentimita mbili au tatu chini ya mahali ngozi inaishia. Hapo hujagusa nyama kabisa, na kufikia kesho yake linaweza kuwa limefunguka kama hakuna kilichotokea. Ukikata karibu sana na kichwa, nyama iliyojificha ndani ya shina inapasuka na umempoteza.

Yale ya ubongo yanataka hesabu. Angalia midomo iko wapi, chora mistari kwa penseli upande wa mfupa, na hakikisha kila kipande kitakuwa na mdomo mmoja mzima, afadhali miwili mitatu. Pale inapowezekana fuata ukuta kati ya vyumba. Kalisha tumbawe likiwa limelala vizuri kwa meza ya mashine, juu likiyumba mkanda utalirusha. Halafu usisukume. Acha almasi ile polepole. Ukisikia mlio umebadilika na mkanda unapinda, umeharakisha.

Kukaa nje ya maji kwa dakika chache haina noma. Kuna matumbawe yanayobaki juani kila maji yakipwa. Kinachoua ni ule unga mweupe wa mfupa ukiganda juu ya ngozi. Mara tu kipande kikitoka kwa mkanda, kitikise ndani ya ndoo ya maji ya tangi, kisha ndoo ya pili. Hapo wengi huwa wavivu, na hapo ndipo wengi hupoteza.

Baada ya hapo kiogeshe kwa maji yenye ayodini ama dawa ya matumbawe, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwa chupa. Kausha mfupa wa chini kwa karatasi, weka tone la supa glu ile nzito ya jeli, na ubandike kwa kigingi cha kauri. Glu iguse mfupa tu. Inashika hata ndani ya maji.

Wiki mbili za kungoja

Vipande vipya usivirudishe chini ya taa kali. Viweke mahali pa mwanga wa wastani na maji yanayopita polepole, ya kutosha kuondoa ute lakini yasiyopiga kidonda. Vitatoa makamasi siku ya kwanza, hiyo ni kawaida. Weka mkaa mpya kwa kichujio na ubadilishe sehemu ya maji. Kulisha kungoje siku chache.

Ukingo mweupe wa mfupa pale ulipokata si shida. Shida ni ukingo huo ukipanuka kila siku, ngozi ikirudi nyuma. Na ukiona ute wa kahawia kama jeli, wenye harufu ya kuoza, usingoje asubuhi. Toa hicho kipande sasa hivi, kwa mfuko ili ute usisambae. Huo ugonjwa hupenda Euphyllia, na unaruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine ukiwa umelala.

Acha nafasi pia. Euphyllia na Galaxea hutoa mikono mirefu usiku kutafuta jirani wa kuchoma. Sentimita 15 ni mwanzo mzuri, Galaxea mpe zaidi.

Kwa wiki moja hadi mbili ngozi itakuwa imekunjika juu ya kidonda. Kuuza bado. Ngoja mwezi au zaidi, mpaka uone ngozi mpya imeshuka na kuanza kupanda kigingi. Ukinunua fragi kwa mtu na uone ukingo bado ni mweupe na mkali, huyo amekata juzi, na hasara amekuuzia wewe.

Na hapa Kenya?

Usichukue ndoo uende Diani. Matumbawe yote ya mfupa mgumu yako kwa Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, maana yake biashara ya kuvuka mipaka inataka kibali, na kwetu anayesimamia hayo mambo ni KWS. Ndani ya hifadhi za baharini kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, huruhusiwi kutoa kitu, kiwe hai au kimekufa. Kununua fragi iliyokuzwa kwa tangi ni mambo mengine, lakini ikiwa imetoka nje ya nchi, muulize muuzaji makaratasi kabla ya kutoa pesa.

Ukitaka kuona kazi yenyewe bila kununua tangi, shuka Kwale hadi Shimoni, uvuke Wasini. Huko wanajamii wamekuwa wakipanda vipande vya matumbawe baharini ili kurudisha miamba iliyokufa. Hawahitaji msumeno, juu wengi wanapanda yale ya matawi, ambayo yanakatika kwa koleo. Ukiuliza vizuri, kuna mtu atakuonyesha.

Na kile kipande cheupe ulichookota ufuoni ukitaka kumpelekea mathe kama zawadi, kirudishe. Sheria inagusa hata mifupa mitupu, na uwanja wa ndege wanacheki mabegi. Mbebee halua.